Sura ya Nne: Programu Inayobaki Mkononi

Anayetafuta programu ya kuhariri picha mjini Kisangani huanza kwa kuuliza bei. Ni swali la haki, lakini karibu kila mahali linajibiwa nusu. Anaambiwa hii ni bure, ile ni dola kumi au ishirini kwa mwezi, ile nyingine hulipiwa mara moja, basi. Hakuna anayemhesabia gharama nyingine ambazo mkazi wa Makiso au Mangobo anazilipa kila siku: mega za kupakulia, umeme wa shirika la SNEL unaokatika kabla kazi haijahifadhiwa, nafasi finyu kwenye simu, kadi ya benki ambayo wengi hawana, na miezi ya kujifunza programu ambayo kesho yaweza kubadilishiwa masharti na watu wa mbali. Kwa mtu anayepiga picha kwa mapenzi tu, jioni baada ya kazi au Jumapili baada ya misa, gharama hizo ndizo zinazoamua kama ataendelea au ataacha. Hoja yangu katika sura hii ni kwamba programu nafuu kwake ni ile anayoweza kuendelea kuitumia bila mtandao na bila kumwomba mtu ruhusa, tena anayoweza kumpa mwenzake kwenye flashi bila kuvunja sheria. Bei iliyoandikwa inakuja nyuma ya hayo.

Tuanze na Photoshop, maana ndilo jina la kwanza kutajwa kwenye kila kibanda cha fotokopi. Ndugu wawili Wamarekani, Thomas na John Knoll, ndio walioianzisha, na kampuni ya Adobe ikaanza kuiuza mwaka 1990. Kwa zaidi ya miaka ishirini mtu aliinunua mara moja, ikawa yake hadi kompyuta yenyewe ife. Toleo la mwisho la namna hiyo, CS6, lilitoka mwaka 2012. Mwaka uliofuata Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya yatakuwa ya kulipia kila mwezi. Mpango mdogo wa wapiga picha, uliounganisha Photoshop na Lightroom, ulikaa muda mrefu kwenye dola 9.99 kwa mwezi; mwanzoni mwa 2025 ukafungiwa wateja wapya, wakabakiwa na ule wa karibu dola 20. Mwenye studio anayepiga harusi kila Jumamosi hurudisha fedha hiyo kwa picha chache, na kwake huenda ni matumizi ya busara. Mpiga picha wa kujifurahisha yuko katika hali tofauti. Mwezi wa mvua kubwa asipogusa kamera, analipa. Mwezi wa ada za watoto, analipa. Akikosa kulipa, anafungiwa zana alizozizoea, na faili zake zenye matabaka zinabaki bila programu iliyozitengeneza.

Juu ya fedha kuna njia ya kuilipa. Fedha ya Kisangani siku hizi hupita kwenye simu, kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, ilhali malipo ya kila mwezi ya kampuni za nje yamejengwa juu ya kadi ya benki. Mwenye ndugu Ulaya huomba kadi yake, na tangu hapo programu yake iko chini ya huruma ya ndugu huyo. Tena kuna ukaguzi wa leseni: programu za Adobe hazihitaji mtandao kila saa, lakini lazima kompyuta iunganishwe mara kwa mara, kila siku 30 kwa anayelipa mwezi kwa mwezi, au ndani ya siku 99 kwa mwenye mkataba wa mwaka. Mjini mtu anaweza kulimudu hilo. Anayeshuka na mtumbwi kwenda Yangambi, au anayepanda hadi vijiji vya ndani vya mkoa wa Tshopo kupiga picha za msitu, asipojihadhari anaweza kufungua kompyuta na kukuta mlango umefungwa.

Wengi wakisikia hayo hukimbilia neno bure, na hapo ndipo tahadhari inahitajika zaidi, kwa sababu bure ziko za namna mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni bure ya kampuni. Google iliinunua programu ya Picasa mwaka 2004, ikaigawa bila malipo, mamilioni ya watu wakapanga humo picha za familia. Mwaka 2016 ikaacha kuiendeleza. Mwaka huohuo, mwezi Machi, iliitangaza Nik Collection kuwa bure, mkusanyiko wa zana ambao zamani uliuzwa kwa mamia ya dola. Watu walifurahi kwa haki. Mwaka uliofuata Google iliuza mkusanyiko huo kwa kampuni ya Kifaransa iitwayo DxO, na matoleo mapya yakarudi kuwa ya kulipia. Mfano wa karibuni ni Affinity Photo. Ilitoka mwaka 2015 kwa kompyuta za Apple, ikapendwa kwa sababu mtu aliilipia mara moja tu, chini kabisa ya gharama ya mwaka mmoja wa Adobe. Mwezi Machi 2024 kampuni ya Canva iliwanunua watengenezaji wake, Serif wa Uingereza, na mwishoni mwa Oktoba 2025 Affinity mpya ikatolewa bila malipo kwa kila mwenye akaunti ya Canva. Ni programu nzuri mno, na mwenye kompyuta yenye nguvu na mtandao wa kuaminika asione haya kuijaribu. Ila ajue anachokipokea ni uamuzi wa kampuni, na historia fupi niliyoieleza inaonyesha jinsi uamuzi wa kampuni unavyogeuka.

Bure ya pili imeandikwa ndani ya leseni. Mwaka 1995 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, walianza kuandika programu ya kuhariri picha ambayo leo inajulikana kama GIMP. Toleo la kwanza lilifika kwa watu mwaka 1996. Leseni yake, ijulikanayo kama GPL, humpa kila mtu haki ya kuitumia, kuinakili, kuigawa na hata kuibadilisha, na haki hizo haziwezi kunyang'anywa kwenye nakala iliyokwisha kutolewa. Darktable, iliyotokea mwaka 2009, na RawTherapee, ambayo msimbo wake ulifunguliwa mwaka 2010, ziko chini ya mpango huohuo; hizo mbili ni za kusafisha faili ghafi za kamera. Wahandisi wake wakichoka kesho, kampuni zikinunuana, sera za Marekani zikigeuka, nakala uliyo nayo itaendelea kufunguka kama ilivyofunguka jana.

Haki hiyo ya kunakili, ambayo mtu wa Brussels huenda asiifikirie kamwe, Kisangani ina thamani ya fedha taslimu. Faili ya kusakinishia GIMP ni megabaiti mia tatu na zaidi. Kwa anayenunua mega kidogokidogo kwa yuniti za simu, hicho ni kiasi cha kuumiza, na upakuaji ukikatika katikati huenda akaanza upya. Lakini mtu mmoja mwenye mtandao mzuri, wa ofisini au wa chuo kikuu, akiipakua mara moja, flashi inaweza kuifikisha kwenye kompyuta ishirini bila mega moja kuongezeka, na kila nakala kati ya hizo ni halali kabisa. Hivyo ndivyo muziki, filamu na vitabu vimesambaa mjini hapa kwa miaka. Tofauti ni kwamba mara hii hakuna anayeibiwa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu miongozo mingi ya programu za picha huandikwa na watu ambao kupakua kwao ni sawa na kufungua bomba, na kwa hiyo huweka programu hizi zote kwenye mizani moja: bei, zana, wepesi. Uhalali wa kunakili hawauweki. Kwetu ungepaswa kuwa wa kwanza.

Pingamizi la kwanza linakuja hapa, na lina nguvu. Watu wanasema: Photoshop nayo inasambaa kwenye flashi, ile iliyovunjwa kufuli, kila mtu anaiita kraki, na inafanya kazi. Kwa nini mtu ajinyime zana bora ya dunia kwa sababu ya sheria ambayo hakuna anayeisimamia mjini? Sitajibu kwa mahubiri. Jibu langu liko kwenye namna kraki inavyofanya kazi. Ili kuisakinisha, kwanza unaambiwa uzime kinga ya virusi, kisha uipe programu ndogo iliyoandikwa na mtu asiyejulikana ruhusa kamili juu ya kompyuta yako. Mara nyingine ni salama, mara nyingine inaleta mgeni anayegeuza mafolda ya flashi kuwa njia za mkato, au anayefunga faili zote na kudai malipo. Mwenye kompyuta moja, ambamo humo humo mna tasnifu ya mtoto na picha za mazishi ya baba, anahatarisha kitu kisichonunulika ili apate kitu ambacho kingeweza kupatikana bila hatari. Tena kraki haitengenezwi: Windows ikijisasisha nayo ikagoma, huna wa kumuuliza. Na toleo linalozunguka mara nyingi ni la zamani, hivyo ubora unaosifiwa ni wa Photoshop ambayo mtumiaji mwenyewe hana.

Pingamizi la pili ni la haki zaidi: wengi hawana kompyuta kabisa, wana simu. Kwao ninapendekeza Snapseed, na nakiri wazi kwamba pendekezo hili linakwenda kinyume kidogo na hoja yangu, kwa sababu Snapseed ni ya kampuni. Ilitengenezwa mwaka 2011 na Nik Software, haohao wa Nik Collection, na Google ikawanunua mwaka 2012. Yaliyoipata Nik Collection yanaweza kuipata Snapseed. Hata hivyo imedumu zaidi ya miaka kumi bila malipo na bila matangazo, ni ndogo kiasi cha kutojaza simu, na ikishasakinishwa inahariri picha bila mtandao. Programu nyingi za simu zinazopendwa na vijana, kama PicsArt, huja na matangazo na vishawishi vya kulipia, na kila tangazo linakula mega ulizonunua. Ukiweka gharama hiyo ndani ya hesabu, Snapseed inazishinda kwa mbali. Kinga dhidi ya siku itakapobadilika ni kujifunza humo mambo yanayohamishika: kusoma histogramu, kupinda mstari wa mwangaza, kurekebisha sehemu moja ya picha bila kugusa nyingine. Aliyeyajua hayo kwenye simu atayakuta kwenye GIMP yakiwa na sura tofauti tu.

Tuyaangalie mambo hayo juu ya picha moja, kwa sababu zana hujulikana kwenye kazi. Kisangani iko karibu nusu digrii kaskazini ya ikweta. Saa sita mchana jua linakaa juu sana mwaka mzima. Mtu anakwenda kwenye maporomoko ya Wagenia, anapiga picha ya mvuvi aliyesimama juu ya miti iliyofungwa kwa kamba za msituni, kikapu kikubwa cha kutegea kikining'inia chini yake ndani ya maji yanayotoka povu. Mbingu ni nyeupe kwa mvuke, povu ni jeupe, na kamera, ikiogopa weupe huo, inapunguza mwanga. Matokeo ni mbingu yenye nafuu na uso wa mvuvi uliozama gizani, macho hayaonekani, kikapu ni doa jeusi. Akibonyeza kitufe cha kurekebisha chenyewe, programu inainua mwanga wa picha nzima: uso unaonekana, lakini umekuwa wa kijivu, na povu lote limeungua, halina tena umbo la maji. Kitufe hicho kiko kwenye programu nyingi, za bure na za dola ishirini, na mara nyingi kinaharibu picha hii kwa njia ileile.

Inayoiokoa ni zana ya kurekebisha mahali. Kwenye Snapseed unaweka nukta juu ya shavu la mvuvi, unabana au kutanua vidole hadi duara lienee usoni tu, kisha unaburuta kidole kuongeza mwanga kidogo kidogo. Nukta ya pili inakaa juu ya povu, na hiyo unaishusha. Kwenye GIMP unanakili tabaka, unang'arisha lile la juu kwa mstari wa mwangaza, unalifunika kwa barakoa nyeusi, halafu unapaka rangi nyeupe kwenye barakoa pale tu unapotaka nuru ipite: paji la uso, mikono, mbavu za kikapu. Inachukua muda zaidi, lakini mpaka kati ya uso na mbingu unakuwa wako, kwa upana wa brashi unayoichagua. Hiyo ndiyo zana ya kuulizia kwanza unapochagua programu. Vichujio mia mbili vya rangi haviifidii.

Suala la ngozi nyeusi linastahili kusimama peke yake. Kwa miongo mingi maabara za picha zilipima rangi zao kwa kadi zilizoitwa Shirley, za Kodak, zenye picha ya mwanamke mweupe, na mtafiti wa Canada Lorna Roth ameeleza jinsi kemia ya filamu yenyewe ilivyopangwa kwa kuzingatia ngozi ya namna hiyo. Mabadiliko yalianza kuja pale watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao walipolalamika kwamba rangi za hudhurungi za bidhaa zao hazitofautiani. Mazoea hayo hayajaisha. Vichujio vingi vya kupendezesha kwenye simu, hadi leo, maana yao ya kupendeza ni kung'arisha ngozi na kufuta mistari yake. Google yenyewe ilikiri kuwepo kwa tatizo ilipotangaza mwaka 2021 kwamba kamera za simu zake mpya za Pixel zimerekebishwa ili zionyeshe ngozi nyeusi kwa haki. Kwa hiyo programu isiyokuruhusu kupunguza au kuzima urembo wa moja kwa moja haifai kwa picha za watu wa Kisangani, hata ikiwa bure, hata ikiwa maarufu. Ngozi nyeusi iliyopigwa vizuri ina nuru yake, ya juu ya mfupa wa shavu na pembeni ya pua, na kazi ya mhariri ni kuiacha nuru hiyo ionekane na rangi ibaki rangi.

Wenye kamera wana silaha ya ziada, faili ghafi. Picha ya kawaida ya JPEG huhifadhi ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi ya biti 14 hubeba ngazi 16,384. Ndani ya giza la uso wa mvuvi yule kuna habari nyingi ambazo JPEG imekwisha kuzitupa. Darktable na RawTherapee zinazitoa, na kwa kazi hiyo sioni kwa nini mtu wa kujifurahisha alipe chochote. Zinadai kompyuta yenye nguvu kiasi, hilo ni kweli. Yenye RAM ya gigabaiti nne itahangaika na darktable, yenye nane itatulia. Kwa zile kompyuta kuukuu zinazoletwa mitumba kutoka Ulaya na Dubai kuna PhotoFiltre ya Mfaransa Antonio Da Cruz, yenye megabaiti chache tu, ya Kifaransa tangu kuzaliwa kwake, na ambayo toleo lake la bure linatosha kukata, kunyoosha na kurekebisha rangi. Si ya leseni huria, na haifiki mbali kama GIMP, lakini inafunguka upesi kwenye mashine ambayo nyingine zote zimeikataa. Ukiwa na mashine ya namna hiyo, hiyo si sifa ndogo.

Matumizi mengine ya kuhariri, ambayo kwa maoni yangu ni ya thamani kuliko yote mjini hapa, ni kuokoa picha za zamani. Familia nyingi zina picha za studio za tangu mji ulipoitwa Stanleyville, kabla ya jina kubadilishwa mwaka 1966, na nyingine nyingi za miaka ya Zaire. Unyevu wa hapa hauzihurumii: ukungu unakula jelatini, pembe zinajikunja, mbili zilizolaliana zinagandana. Vita vya Juni 2000 kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda, vilivyopiganwa ndani ya mji kwa siku sita, viliteketeza nyumba pamoja na masanduku yaliyokuwa ndani. Zilizobaki zipigwe upya sasa, kwa skana au hata kwa simu, kando ya dirisha, bila mwako, kamera ikiwa sambamba kabisa na karatasi. Baada ya hapo zana ya kuponya, iliyopo Snapseed na iliyopo GIMP, inafuta doa kwa kuazima ngozi au nguo ya jirani yake. Kazi ni ya polepole, doa kwa doa.

Hapo watu huuliza: kwa nini kuteseka, ilhali siku hizi zipo programu za akili bandia zinazofufua picha kuukuu kwa sekunde kumi? Nimezitazama kazi zake kwa makini na jibu langu ni kali. Programu hizo hazioni kilichofutika; zinakisia, kwa kutumia mamilioni ya nyuso nyingine zilizofundishwa nazo. Bibi ambaye jicho lake la kushoto lililiwa na ukungu anarudishiwa jicho, ila si lake. Chale za usoni zinaweza kusomwa kama uchafu na kusafishwa. Picha inakuwa nzuri, na anayeonekana ni mtu mwingine. Tena nyingi hutaka picha ipandishwe kwenye seva za mbali, kwa mega zako, kisha zinaweka alama yao juu yake hadi ulipe. Kwa kufuta waya wa umeme kwenye mandhari sina neno. Kwa uso wa marehemu, doa lisilofutika ni bora libaki.

Pingamizi la mwisho, na ninalolisikia zaidi likitoka kwa wanafunzi, ni kwamba GIMP ni ngumu, masomo yote ya video yanafundisha Photoshop, na siku moja mtu anaweza kutaka ajira. Kuhusu ugumu, zamani malalamiko yalikuwa na msingi. Kosa likishafanyika kwenye tabaka lilikuwa gumu kurudisha baadaye. GIMP 3.0, iliyotoka Machi 2025 baada ya kungojwa miaka mingi, imeleta vichujio vinavyobaki wazi, unavyoweza kuvibadilisha kesho bila kuharibu picha ya chini. Menyu zake zipo kwa Kifaransa, na mwongozo wake upo kwa Kifaransa pia, jambo ambalo kwa msomaji wa Kisangani ni msaada mkubwa kuliko video ya Kiingereza inayokula mega. Kuhusu ajira, anayejua kwa nini barakoa ipo na mstari wa mwangaza unafanya nini atahamia Photoshop kwa majuma machache siku mwajiri atakapomlipia. Msanii Sammy Baloji wa Lubumbashi, katika mfululizo wake uitwao Mémoire, aliwachukua wafanyakazi wa migodi kutoka kwenye picha za kumbukumbu za enzi ya ukoloni akawasimamisha mbele ya magofu ya leo ya kampuni ya migodi ya Gécamines. Nguvu ya picha zile imetokana na nani amewekwa wapi na kwa nini. Matabaka ya kufanya muungano wa namna hiyo yapo katika GIMP kama yalivyo katika Photoshop, na anayetaka kufungua faili ya Photoshop aliyotumiwa anaweza kutumia Photopea, inayofanya kazi ndani ya kivinjari bila malipo.

Programu yoyote utakayoichagua, weka utaratibu mmoja: faili ya asili haiguswi. JPEG hupoteza kidogo kila inapohifadhiwa upya, kwa hiyo fanya kazi kwenye nakala, na kwenye GIMP hifadhi kwanza kwa muundo wake wenyewe wa XCF wenye matabaka, ndipo utoe JPEG ya kuonyesha watu. Umeme ukikatika utakuwa umepoteza dakika, si alasiri nzima, mradi ulihifadhi mara kwa mara. Unapomtumia mtu picha kwa WhatsApp itume kama hati, maana ikitumwa kama picha ya kawaida inapunguzwa, na anayekwenda kuichapisha maabara atapata kivuli cha kazi yako. Kwa chapa ya sentimita 10 kwa 15 unahitaji takriban pikseli 1,200 kwa 1,800. Hesabu hiyo peke yake inaokoa fedha nyingi za karatasi.

Ipo hali ambayo ningesema lipa. Mtu akishajikuta anapiga mamia ya picha kwa wiki moja, tuseme kwa ajili ya kikundi cha ngoma au parokia, kinachomchosha kitakuwa kupanga na kuchambua, wala si kuhariri. Lightroom katika hilo bado ni nyepesi kuliko darktable mikononi mwa wengi, na kama kikundi kinachanga ada, kadi ipo na mtandao upo, dola ishirini zinazogawanywa kwa watu wanane si mzigo. Kila mtu abaki na faili zake ghafi kwenye diski yake, na kila marekebisho yatolewe pia kama JPEG au TIFF kamili siku ileile kazi inapokwisha, ili mwezi ambao michango haitatimia kusiwe na picha iliyofungiwa ndani.